Jifunze Kusimama Kwanza: Maneno Yangu kwa Waendeshaji Wapya wa Pikipiki, Kisauni

Haya ni maneno niliyozungumza Jumamosi baada ya alasiri na vijana na akina dada walioanza kuendesha pikipiki huku kwetu Kisauni, Mombasa. Wengi walikuwa kazini wakaniomba niyaandike, basi nimeyaandika vile vile nilivyoyasema.

Assalamu alaykum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote?

Wazee wetu mliokaa mbele, wenyeviti wa stej zetu za boda, akina mama, dada zangu wenye piki na nyinyi mnaotaka kununua, vijana wangu, ahsanteni kwa kuja na jua hili. Wengi mwanijua, mimi ndo yule mama wa pilau anayepita na piki nyekundu na sanduku la chakula nyuma, natoka Kisauni naingia mjini kupeleka maakuli maofisini, Moi Avenue, Ganjoni, saa zengine mpaka Changamwe. Kuendesha sikuanza zamani. Nimeanza juzi juzi, kabla ya masika ya mwaka jana, manake tuktuk za kupeleka chakula zilikuwa zanimaliza faida yote. Na kwa vile ni juzi, kila kitu kinachomtatiza mtu mpya bado nakikumbuka, nikaona niseme sasa kabla sijazoea. Mtu akishazoea hawezi tena kumueleza mgeni, anamwambia tu "utajua mbele kwa mbele." Mbele kwa mbele wapi? Kwenye wodi ya mifupa?

Neno langu leo ni moja, mengine yote ni matawi yake. Jifunze kusimama. Sikusema kwenda. Nimesema kusimama.

Mimi alonifunza ni ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu babangu, na yeye amekuwa mwalimu wa udereva miaka mingi kabla ya kustaafu. Siku ya kwanza nilidhani atanionyesha gia. Akanipeleka kwenye uwanja mtupu asubuhi na mapema, akapanga makopo ya rangi mawili, akajaza ndoo ndogo maji nusu akaifunga kwenye keria, akanambia, "Mwanangu, njoo mpaka hapa, simama baina ya makopo, na maji yasimwagike." Basi. Hiyo ndo ilikuwa kazi, asubuhi baada ya asubuhi. Nikamuuliza, ami, mbona hunifunzi kwenda? Akanijibu, "Kwenda hata jiwe ukilisukuma litakwenda."

Na ile ndoo ilikuwa na maana. Ukibana breki kwa ghafla maji yaruka yote. Ukianza taratibu alafu ukaendelea kukaza, kukaza, kukaza, piki yakaa chini, yasimama, na maji yamo. Sasa hapa nataka mnisikize vizuri, manake kuna uongo mmoja umeenea stej zote za Mombasa. Ati breki ya mbele usiiguse, itakurusha. Nani ameambiwa hivo? Inueni mikono. Si mwaona? Karibu wote.

Jamani, breki ya mbele ndo breki. Ukianza kusimama uzito wote wa piki pamoja na wako unahamia mbele, tairi la mbele linakandamizwa barabarani linashika, la nyuma linakuwa jepesi, ndo maana ukikanyaga ya nyuma peke yake tairi linajifunga linaanza kucheza huku na huku na bado hujasimama. Kwenye barabara kavu nguvu kubwa ya kusimama, asilimia 70 hivi, inatoka mbele. Kinachomrusha mtu ni kuinyakua kwa ghafla, au kuibana na huku usukani umeukunja, au kuibana juu ya mchanga. Tumia zote mbili, usukani wima, mkono unakaza pole pole lakini usiache kukaza. Na hili halifundishwi kwa mdomo. Lazima mkono wenyewe ujue, manake siku ya kweli ikija hutakuwa na muda wa kufikiria.

Muda gani? Hapo nataka kuwapa hesabu, na mimi napenda hesabu, biashara imenifunza.

Kulikuwa na mtu Marekani, Harry Hurt, wa Chuo Kikuu cha Southern California. Yeye na wenzake walichunguza ajali 900 za pikipiki kule Los Angeles, wanakwenda mpaka pale pale ajali ilipotokea, wanapima alama za tairi, wanazungumza na watu. Ripoti yao ilitoka 1981, ni ya zamani na ni ya kwao, barabara zao si zetu, lakini mkisikia yaliyomo mtadhani anazungumzia Kongowea. Walikuta kwamba tangu hatari ianze mpaka kugongana, muendeshaji kwa kawaida ana chini ya sekunde 2. Sekunde mbili! Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, na hamsini mwaona ni mwendo wa kawaida tu, wakata karibu mita 14 kila sekunde. Kwa hivo sekunde mbili ni mita 28. Pangeni tuktuk kumi, moja nyuma ya nyengine, hiyo ndo nafasi ulonayo ya kuona, kuelewa, kuamua na kusimama. Na ukiongeza mwendo mara mbili, masafa ya kufunga breki hayaongezeki mara mbili, yanaongezeka mara nne. Mara nne, vijana wangu.

Na jengine walilokuta, wale waliopata ajali, asilimia 92 hawakufunzwa na mwalimu, walijifunza wenyewe au waliokotezea kwa ndugu na marafiki. Na zaidi ya nusu walikuwa na chini ya miezi 5 na ile pikipiki waliyokuwa nayo siku hiyo, hata kama walikuwa washaendesha nyengine kwa miaka. Hili liwaingie nyinyi mnaoazimana piki jioni, mchana upo na ya kwako, usiku umepewa ya mwenzio, breki yake hujui inashikia wapi, klachi yake hujui. Ukipewa piki ya mtu, zunguka nayo kwanza mahali patupu ufunge breki mara kadhaa ndo upakie mtu. Dakika tano tu.

Haya, la pili. Hakuna anayekuona.

Siku moja mchana, saa sita, jua liko utosini, natoka Bombolulu naelekea Kongowea nimevaa riflekta yangu ya kijani na taa nimewasha. Mbele yangu kuna tuktuk, ikajisogeza kushoto pole pole, hakuna endiketa, mtu yeyote angesema anashusha abiria. Lakini ami alinifunza, usitazame uso wa dereva, tazama tairi lake la mbele, manake uso unaweza kuwa unakuangalia na akili iko kwengine. Lile tairi nikaliona limeanza kukunjika kulia. Mkono ukaanza kukaza wenyewe kabla sijasema bismillahi. Tuktuk ikageuka mzima mzima barabarani, ikakata yuturni, nikasimama ubavuni mwake naweza kumgusa. Yule kijana akashika kichwa, akasema, "Wallahi dada sikukuona." Na mimi nikamuamini. Nawaambia ukweli, nilimuamini kabisa, hakuwa na ubaya wowote.

Jicho la mtu barabarani linatafuta basi, linatafuta lori, linatafuta kitu kitakachomuumiza yeye. Pikipiki ni nyembamba, na kitu chembamba kikija mbele yako ni vigumu kujua kinakuja na mwendo gani, waona kiko mbali kumbe kishafika. Ile ripoti ya Hurt ilisema hivo hivo, kwenye ajali za pikipiki na gari, thuluthi mbili ni mwenye gari aliyeingia njia ya pikipiki. Kwa hivo riflekta vaa, taa washa mchana na usiku, honi piga, lakini usidhani kwamba kwa kuwa umevaa basi umeonekana. Endesha kama uliyefichika. Kila tuktuk ilosimama itageuka, kila matatu ilosimama itafungua mlango, kila mkokoteni utavuka.

Na hapo kwenye matatu ntasema kidogo tu. Mlango wake uko kushoto. Ukipita kushoto mwa matatu ilosimama, anayeshuka ni mama na mtoto mkononi na anashuka bila kuangalia, manake ameambiwa "shuka shuka shuka." Usipite huko, hata kama jamu ya Buxton imekushinda. Subiri.

Na trela je? Nyinyi mnaofanya kazi Changamwe, Jomvu, Miritini, mwajua. Ukiwa ubavuni mwa trela na huoni saidimira yake, naye hakuoni. Na likikata kona, tairi za nyuma hazifuati za mbele, zinakata ndani, zinakula ile nafasi ulojibana wewe. Hiyo nafasi si yako hata ikiwa pana kiasi gani.

Sasa nije kwa hili ninalolipenda zaidi, manake hili ni letu watu wa hapa na sijamsikia mtu analifundisha. Mombasa ni kisiwa. Huwezi kuendesha hapa ukasahau bahari.

Daraja la Nyali wengi mwalipita kila siku. Kusi ikianza kuvuma kwa nguvu, miezi ile ya kuanzia Aprili mpaka kama Septemba, ukitoka Buxton kwenda Nyali upepo unakupiga ubavu wa kulia, unatoka baharini haujazuiwa na kitu. Mara ya kwanza kuuhisi nilikuwa nyuma ya basi kubwa, niko sawa kabisa, basi likasogea na ule upepo ukanipata, piki yote ikahama kushoto. Nilikuwa nimeambiwa la kufanya, nikalifanya, mambo yakawa sawa: usikaze mikono. Mtu akikaza mikono upepo unamsukuma yeye na yeye anausukuma usukani. Legeza mabega, bana tangi kwa magoti, punguza mwendo, na upepo ukitoka kulia sukuma kidogo mkono wa kulia wa usukani, piki italala kidogo kulia iuegemee upepo. Na uwe katikati ya leni yako, ili ukisukumwa uwe na pa kusukumiwa. Wenye masanduku makubwa ya delivari nyuma, nyinyi zaidi, lile sanduku ni tanga. Mwajua jahazi linavyokwenda, si ndio?

Alafu mvua. Mvua kubwa si mbaya kama zile dakika za kwanza za mvua. Barabara imekaa kavu wiki nzima, malori yamedondosha dizeli na oili, vumbi limekaa juu, matone ya kwanza yanakuja yanachanganya vyote hivo, barabara inateleza kuliko itakavyoteleza saa moja baadaye. Kwa nini mwakimbia mvua ikianza? Ndo wakati wa kusimama chini ya kibanda unywe kahawa thungu na kashata, ungoje barabara ioshwe. Na michoro ya rangi nyeupe barabarani, vifuniko vya chuma, na pale Kongowea majani ya kabeji na maganda ya embe yaliyokanyagwa, vyote hivo ukivikuta na maji, pita wima, usikunje, usibane breki juu yake. Na ukipita kwenye maji mengi, zile breki zetu za dramu zikiingia maji hazishiki, ukitoka tu zibane kidogo kidogo huku unakwenda pole pole mpaka zikauke, ndo uongeze mwendo.

Na feri. Nilikuwa Likoni, siku za bamvua, maji yamekupwa sana, na mwajua maji yakipwa hivo feri inakaa chini na kile kilima cha kupanda kinakuwa kirefu na kimelowa. Mbele yangu kulikuwa na kijana amefunga kreti za soda nyuma, watu wamejaa kila upande, wapigiwa kelele watoke, na yeye akataka kutoka pamoja na watu. Alipofika pale chuma kinapokutana na saruji akakanyaga breki kwa sababu mzee mmoja alisimama mbele yake ghafla, tairi likateleza, piki ikalala. Alhamdulillahi hakuumia yeye wala yule mzee, soda ndo zilivunjika, watu wakamsaidia kuinua. Nawapa kisa hiki kwa sababu yule kijana hakuwa anakimbia. Alikuwa anakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Chuma chenye maji ya chumvi hakijali mwendo wako. Subiri watu wapungue, gia ya kwanza, usukani wima, miguu tayari, acha nafasi mbele yako ya kutosha usihitaji kubana breki pale kwenye chuma. Wakipiga kelele nyuma, waache wapige.

Hii chumvi pia yala cheni na waya za breki. Piki ya Mombasa yataka mafuta ya cheni mara nyingi kuliko ya bara. Ukiona cheni imeanza rangi ya kutu hapo ushachelewa, paka, na mwambie fundi aangalie na waya wa breki ya mbele hauchaniki ndani ya ala yake.

Sasa dada zangu, na nyinyi mnaowapakia mama zetu. Nguo.

Mwaka jana hapo Majengo nilikuta watu wamezunguka boda. Kuna mama alipanda, amekaa upande, buibui lake likashuka likashikwa na cheni na tairi la nyuma. Kijana alisikia piki imekuwa nzito akasimama papo hapo, na hicho ndicho kilichomuokoa yule mama, manake kijana alijua kusimama. Walipofika wanawake wa duka la karibu walimzunguka wakamsitiri kwa leso, wakakata kitambaa kwa kisu, akatoka na mchubuko wa mguu tu. Laiti angekwenda mita chache zaidi, nguo ingeendelea kumvuta chini. Vijana, kabla hujaondoka geuka utazame. Buibui, dera, leso, kamba za mkoba. Mwambie kwa adabu, "Mama, shika nguo yako uikalie." Hakuna mama atakayekasirika. Na weka kile kifuniko cha cheni ambacho wengi wenu mumekitoa ati kinapiga kelele. Kirudishe.

Sisi tunaoendesha wenyewe, mimi navaa suruali pana ndani na buibui fupi lisilofika kwenye pegi, na juu koti. Kichwani mtandio mwepesi wa pamba, umefungwa bapa, pini zote nimetoa. Pini chini ya helmeti ni hatari, na kilemba kikubwa kinafanya helmeti ikae juu juu haijashika kichwa. Helmeti lazima ishike mashavu, na mkanda ufungwe. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi duniani ulionyesha helmeti inapunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini ile iliyofungwa mkanda, si ile iliyotundikwa kwenye saidimira ya kuonyesha askari! Na ikishapigwa chini kwa nguvu mara moja, ibadilishe hata kama nje haina alama, lile povu gumu la ndani lishabonyea, halitafanya kazi mara ya pili.

Abiria akisema helmeti yanuka, ana haki. Osha kitambaa cha ndani, weka vikofia vya kuvaa chini yake. Abiria akikataa kabisa, mwambie sheria ya Kenya yasema nyinyi wawili wote muwe na helmeti na riflekta, na yasema abiria ni mmoja. Mmoja, si mama na watoto wake wawili. Najua shilingi hamsini ni shilingi hamsini. Najua mwenye piki yuwataka hesabu yake jioni. Lakini uzito wa watu watatu nyuma wakuondolea ile mbele inayoshika, waongeza masafa ya kusimama, na zile mita 28 hazikungoji.

Na leseni, kwa haraka: A2 ni ya piki yako mwenyewe, ukibeba abiria au delivari wahitaji A3. Wengi mwabeba watu na A2. Nendeni mkabadilishe, manake siku ya ajali bima ndo wa kwanza kuuliza.

Namalizia na ombi, na ombi hili ni kwa wenyeviti wa stej mliokaa hapa mbele, kwa heshima zote wazee wangu. Kijana akija na piki mpya, mwampokea, mwamuandika jina, mwachukua kiingilio. Ongezeni jambo moja. Asipakie abiria mpaka mmoja wenu, mzoefu, amemuona anasimama. Mpelekeni uwanjani, muwekeeni makopo mawili, aje na mwendo wa thelathini, alafu arobaini, mumuone mkono wake. Peke yake kwanza, kisha na mtu nyuma. Akishindwa, afanye tena kesho. Haitagharimu stej hata shilingi, ni petroli yake kidogo na asubuhi yenu moja. Ami yangu amekubali kuja, yuko pale amekaa chini ya mwarubaini, na amesema hataki malipo ila chai.

Tunaanza Jumapili hii saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hapa hapa uwanjani kabla jua halijakuwa kali. Njooni na helmeti, viatu vya kufunga, si ndara, na piki iwe na breki zote mbili zinafanya kazi. Makopo na ndoo ntaleta mimi. Akina dada ambao hamna piki bado, mtatumia yangu.

Haya, maswali. Naanza na wale dada wawili kule nyuma, manake nimewaona mmeinua mikono tangu nizungumzie pini.